Mejumaa, Ngazi Nimeivunja

Mejumaa, shoga yangu,

Ile ngazi iliyokuua nimeivunja kwa nyundo. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza kila neno mpaka nifike hapo. Nimeivunja mchana kweupe, watu wakiniona, na viganja vyangu bado vina malengelenge ninapokuandikia.

Tangu tukuzike, nikifumba macho naiona siku ile. Bahari imechafuka, mashua ya Mzee Bakari inaingia gatini imejaa samaki, na sisi mama karanga, wakaanga samaki, tunashuka mbio kwenye ngazi ile ya saruji, kila mmoja na beseni lake. Desturi yetu ni ileile: atakayetangulia kutia beseni ndani ya mashua, samaki ni wake, wengine tutamwomba yeye atugawie tukakaange. Na wewe hukuwahi kutanguliwa. Ulinicheka tena siku ile, "Saumu, wewe unakimbia kama bata aliyevimbiwa!" Ukafika kidato cha chini kabisa, chenye utelezi wa kijani, ukainama na beseni lako, mguu ukateleza. Wimbi likaiinua mashua, likaibamiza ukutani, na wewe uko katikati.

Nilisikia mbavu zako zikivunjika. Nisamehe kwa kukwambia, lakini jambo zito kama hili sikuwahi kumwambia mtu mwingine ila wewe. Mashua iliporudi nyuma ulikuwa umening'inia kwenye nondo, zile zilizochomoza pale saruji ilipomeguka. Moja ilikuwa imekuingia chini ya kwapa. Nilikuvuta nikipiga mayowe, ukanitazama, ukafungua mdomo uniambie kitu, ikatoka damu. Hospitali walikufunika shuka tu.

Kisha pesa za gati zikaja, zile tulizokuwa tukizipigia kelele kila baraza. Usalama wa gati, ndivyo walivyosema. Nilikwenda mkutanoni nimevaa leso yako. Bwana wa mradi akakunjua mchoro wake: lango kubwa la kuingilia, taa, chumba cha mlinzi, vigae kwenye banda la samaki. Nikamuuliza, "Na ngazi je?"

Akaniambia kwa upole, "Mama, ngazi haimo kwenye bajeti ya awamu hii. Lile lililotokea lilikuwa kudra ya Mungu."

Nikamwambia kudra ya Mungu haina kutu. Watu wakaguna. Mzee Bakari mwenyewe, ambaye mashua yake ndiyo iliyokubana, akanishika mkono, "Saumu mwanangu, keti, usituharibie mradi." Nikaketi. Wallahi, nilitamani kumrukia yule bwana nimrarulie ule mchoro wake.

Nikadhani mabaya yamekwisha, kumbe mwanao Mwanamisi ashalichukua beseni lako. Alimpelekea fundi akaligonga likakaa sawa, ingawa upande mmoja bado umebonyea. Nilimsihi. Nilimwambia kule Galu hotelini wanatafuta wasichana wa kufua mashuka, aende, atapata mshahara wake na miguu itabaki mikavu. Akanijibu kwa lile jicho lako la dharau, "Mama mdogo, mimi ni mtoto wa Mejumaa. Sina mkono wa sabuni."

Wiki iliyopita bahari ikachafuka vilevile. Mashua ya Bakari ikaja inarukaruka. Mwanamisi akanipita mbio na beseni, miguu mitupu, akaanza kushuka. Nikaona kisigino chake kimekanyaga pale pa kijani.

Nilimpiga, Mejumaa. Nilimkamata leso kwa nyuma nikamvuta, akaanguka chali kwenye ngazi, akanigeukia na makucha. "Niache! Samaki wangu wanachukuliwa!" Nikamzaba kofi. Akaniuma mkono. Nikampiga ngumi ya mdomo, nikamshika nywele nikamburura mpaka juu, huku wenzetu wakipiga kelele kwamba Saumu kapandwa na shetani. Huenda ni kweli.

Ndipo wimbi likapiga. Mashua ilikwenda moja kwa moja kwenye zile nondo, ubavu wake ukapasuka kwa mshindo, vipande vya mbao vikaruka mpaka tuliposimama. Baharia mmoja alikuwa ametanguliza mkono kujizuia. Ulivunjika kwenye kigasha, mfupa ukatokeza nje, na ile sauti aliyoitoa siwezi kukuandikia. Kidato cha chini hakikuwa na mtu. Mwanamisi alikitazama, midomo inamvuja damu niliyomtoa mimi.

Nikaenda langoni walikokuwa wakijenga, nikachukua nyundo kubwa. Fundi akaniuliza, "We mama, wapi na nyundo yangu?" Nikashuka nayo ngazini. Nilipiga kidato cha kwanza nikiwa natukana, matusi ambayo wewe ndiye uliyenifundisha. Nilipiga mpaka nikalia. Wenzetu wakaja na mitaimbo. Kisha nikamwona Mzee Bakari anashuka, kanzu ameikunja kiunoni, na yeye ana nyundo. Mwanamisi ndiye aliyezipiga zile nondo, moja moja, mpaka zikalala. Ilipoadhiniwa alasiri ngazi ilikuwa kifusi.

Bwana wa mradi akaja na askari. Nikamwambia, "Sasa ngazi hakuna. Ijenge, au hizo taa zako zimulike mawe." Walipouliza nani kavunja, nikasema mimi. Askari akanisukuma garini kama gunia, nami nikamng'ata. Majirani walinitoa kwa dhamana kesho yake.

Sasa sikia. Lango limesimamishwa, na fungu lake limeingizwa kwenye ngazi. Wameshamwaga zege la vidato vya chini, vipana, vyenye mikwaruzo ya kushika mguu. Pembeni kutakuwa na vyuma vya kushikilia, na ukutani watatundika matairi ya lori, mashua ikibamizwa ibamizwe kwenye mpira. Kwa sasa mashua zinashusha pale mchangani. Na desturi yetu tumeibadilisha, baada ya ugomvi ambao nusura tutoane meno. Beseni la kwanza ni lako, kila siku. Linatangulizwa mbele yetu likiwa tupu, na hakuna wa kulipita mpaka mashua ifungwe kamba. Hapo ndipo tunapogawana. Ngazi ikikauka, litakaa pale juu.

Keshokutwa nasimama mahakamani Kwale kwa kuharibu mali ya umma na kumng'ata askari. Naogopa, shoga. Naogopa kufungwa, na wa kunichekesha hayupo. Lakini sitakana. Na nakuahidi, nikirudi, nitaliweka beseni lako mimi kwa mkono wangu mpaka nizeeke. Nisiporudi, ataliweka Mwanamisi. Ameniapia jana, mdomo bado umevimba, kisha akanipa shikamoo.

Buriani, Mejumaa. Wewe tangulia, kama kawaida yako. Sisi tutangoja mashua ifungwe.

Shoga yako,
Saumu