Ufa Chini ya Dirisha la Mama

Wifi yangu Anastazia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hutanijibu, lakini mkono wangu umezoea kuanza na salamu hiyo. Nimetoka kanisani sasa hivi, hata kitenge sijabadilisha. Nimekaa nikuandikie kwa sababu nina neno ambalo kwa kaka yako Deo halisemeki.

Ile miti yako ya mijohoro ya ukingoni mwa korongo haipo, wifi. Wameikata yote.

Hawakuikata kwa ubaya, na hapo ndipo panaponiuma. Tulipokwisha kukuzika, bundi akaanza kutua kwenye ule mkubwa uliokuwa unatazama dirisha la mama yako. Analia jioni, watu tunakula. Jirani mmoja akasema, "Huyo anaita wa pili." Mama akasikia. Akaacha chakula, akaanza kunigawia vitenge vyake vizuri kama mtu anayeaga. Deo akaogopa kuzika dada na mama kwa mfululizo, akaita watu wa misumeno. Mimi nikasema sisi ni watu wa sala, tumwite katekista tusali, miti tuiache. Nikaambiwa wewe umeolewa tu hapa, ya ukoo huu huyajui. Wakaikata. Visiki wakavichoma moto ili ndege asipate hata pa kukanyaga.

Na kweli bundi akaenda zake. Mama akarudia ugali wake. Tukatoa shukrani mpaka kwenye jumuiya.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kuona. Unakumbuka mchana ulivyokuwa unalala sebuleni kwangu bila shuka, unakoroma, nikikuamsha unasema nyumba yangu ina baridi ya kanisa? Sasa jua likiwa la utosi hakukaliki humu ndani, bati linalia lenyewe. Vumbi la barabarani linafika mpaka kwenye sufuria, na mwanangu mdogo kikohozi hakimwachi. Wale akina mama wa mchicha waliokuwa wanapanga mafungu yao kivulini, wanakucheka na kanga yako ya kazi, wamehama. Jumuiya tunasali tumebanana ukutani, tunafuata kakivuli kama kuku. Na panya, wifi! Wako hadi kwenye unga. Nikamwambia Deo, kumbe yule ndege alikuwa na kazi yake hapa. Hakucheka.

Mvua za mwaka jana zikachukua migomba. Halafu bafu likaenda na mlango wake. Kumbe mizizi yako ndiyo ilikuwa imeshikilia huu uwanja, na sisi tulidhani ni uwanja tu, umekaa.

Juzi nilikuwa nafagia nyuma nikaona ufa umetoka korongoni, unapita chini ya dirisha la mama. Nikatia mpini wa jembe ukazama wote. Nikaujaza udongo, nikakanyagakanyaga. Asubuhi nilipoamka ulikuwa wazi tena.

Mama hataki kuhama chumba kile. Ndimo ulimokatia roho, kwa hiyo ameng'ang'ana na kile kitanda. Nimembembeleza, Deo amemlilia, mtu mzima kabisa. Anatujibu taratibu, "Bundi ameshaondoka. Nyie mnaogopa nini?"

Tulimfundisha wenyewe.

Wingu limesimama upande wa Kakese tangu tutoke misa. Deo amekwenda kutafuta viroba vya mchanga, amevaa nguo zilezile za kanisani. Upepo umetulia ghafla, hata kuku wameingia ndani kabla ya saa yao. Naogopa, wifi, nakuambia wewe kwa sababu hukuwahi kunicheka kwa hofu, ulinicheka kwa mengine yote.

Kisiki kimoja hawakukichoma, kile tulichofungia kamba ya nguo. Kimechipua. Kila nikifua nakusikia: "Sabuni mpe barabara, maji ya kusuuzia mpe mti." Ulikuwa unawasimamisha wanawake wa mtaa mzima na mabeseni yao, wanakuita bwana shamba, wanamwaga unapotaka. Sasa nawasimamisha mimi. Wananiita wifi wa bwana shamba. Wanamwaga. Ila machipukizi yananifika gotini tu, na mvua haiwezi kusubiri mti ukue.

Ngurumo hiyo imeanza. Naacha hapa.

Pumzika kwa amani, dada wa mume wangu, mtani wangu. Nakuahidi, mama halali chumba kile leo. Atanitukana, atasema mke wa mwanae amemkosea adabu. Nitambeba mgongoni hivyohivyo, kama ulivyokuwa unambeba kwenda zahanati. Na Mungu akitufikisha kesho, nitapanda ukingo wote, huyo ndege apate pa kutua. Siku nitakayomsikia analia tena nyuma ya nyumba hii, nitapiga magoti nishukuru.

Wifi yako,
Mama Yustina