Maji ya Josho Ndani ya Tanki

Jumatatu, 3 Machi
Uji, vidonge, kiti changu juani. Njoki, fundi wa Kitengela, amekuja kufufua Landrova. Haijawaka tangu siku mke wangu alipofariki. Betri imekufa. Panya wamezaa ndani ya kichujio cha hewa. "Mzee, hii si gari, ni boma ya panya." Nilicheka, kifua kikaniuma.

Daktari wa Kajiado hakunificha. Nimebakiza majuma, si miezi.

Jumanne, 4 Machi
Betri mpya. Injini inazunguka, haishiki. Binti yangu Naserian amechoka nami: "Baba, si tukodishe gari ingine uende Entarara umwone Saitoti?"

Mwanangu Saitoti hatanipokea. Siku ya mazishi ya mama yake nilimwambia mbele ya wazee wa rika langu: usikanyage boma hili mpaka gari uliloliua liwake. Neno la laana kama hilo hulifuta aliyelitamka peke yake, na sharti lake likishatimia. Mimi nilifundisha sayansi, sikuamini laana. Yeye aliamini. Amezeekea Entarara akilima mashamba ya watu. Hakuoa.

Nikifa kabla ya injini kuwaka, neno hilo litabaki naye.

Alhamisi, 6 Machi
Njoki amefungua kichujio cha dizeli. Yametoka maji meupe kama maziwa. Akanusa. "Mzee, nani aliweka dawa ya kupe kwa tanki?"

Nikasema sijui. Hata sasa, baada ya miaka yote.

Ijumaa, 7 Machi
Ni mimi.

Asubuhi mama yao alipozidiwa, Saitoti alikuwa ampeleke hospitali Kajiado. Nilimimina dizeli tankini kwa mtungi wa kuchotea maji ya josho. Nilikuwa na haraka, sikuusuuza. Gari lilizima baada ya Isinya. Alifia kiti cha mbele, kichwa kikiwa begani mwa mwanawe. Jioni niliunusa mtungi nikajua. Nikautupa chooni. Kisha nikalaani mtoto, kwa sababu watu walikuwa wanauliza nani wa kulaumiwa.

Leo nimempigia simu Saitoti nikamwambia yote. Naserian alikuwa mlangoni, akasikia. Saitoti akauliza: "Gari imewaka?"

"Bado."

Akakata. Naserian hajanisemesha tangu hapo. Chakula ameleta.

Jumamosi, 8 Machi
Tanki limeoshwa na kukaushwa. Kichujio kipya. Njoki alitoa hewa kwenye mabomba, akajaribu, akatoa tena, akaitukana Landrova kwa Kikikuyu. Moshi mweusi. Ikakohoa. Ikashika.

Nilikataa izimwe. Naserian alimpigia kaka yake, akaielekeza simu kwenye injini. Saitoti alisikiliza, akakata.

Naogopa asipokuja. Naogopa akija.

Jumapili, 9 Machi
Amekuja. Kichwa chote mvi. Alisimama langoni hadi nilipomwita kwa jina.

"Nimekuja juu ya mama. Chai sitakunywa."

Akainamisha kichwa mbele yangu kama mtoto. Baraka yetu ni mate ya mzee kichwani, na dawa zimenikausha kinywa. Nilitema, hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Yeye ameinama tu, anangoja. Naserian akaleta maziwa kwenye kibuyu. Nikapiga funda, nikamnyunyizia. Nikasema lile neno nimeliondoa, aende atakako. Maziwa mengine yalinimwagikia.

Akanifuta kidevu kwa kiganja, bila kunitazama.

Akaondoka jua likiwa bado juu. Alipita kando ya Landrova, hakuigusa.