Kanda za Wafula

Bungoma, Jumamosi, Agosti 1989

Nekesa, huyu mjukuu wangu anayeniita Kukhu, yaani bibi, hana adabu. Leo tumegawa nguo za marehemu baba yake, mwanangu Wafula, na yeye mbele ya wazee anakataa koti zuri.

"Kukhu, mimi nataka zile kanda zake za Waingereza wa gitaa."

"Si bendi yao ilivunjika kabla uzaliwe?"

"Na baba si aliimba nao kwenye kaseti mpaka wodini hospitalini?"

Wazee wakampa mdogo wake marehemu kanda hizo, ati arekodi kwaya juu yake. Tangu mazishi sijalia, nimekauka tu. Nikitafuta sauti ya mwanangu kichwani, naipata tu akiimba na hao watu.

Nimeshazichukua kanda kwake; kesho alfajiri Nekesa azibebe zote arudi nazo kwao Kitale. Mwenye kuuliza aje kwangu.