Sungura Aliyejazwa Nyasi

Jumapili, 10 Februari 1743
Padri ametangaza ndoa yangu na Bazile mara ya kwanza. Bado mara mbili, kisha harusi, kabla Kwaresima haijatufungia mlango. Mchana Bazile kaleta sungura watatu. Baba kacheka hadi jino la mwisho: "Mkwe ndiye huyu, Apolini! Asiyejua kutega haoi kwangu." Mimi mitego yangu haijanasa kitu tangu Krismasi. Aibu!

Jumatano, 13 Februari
Mwizi! Vitanzi vimelegezwa, damu kwenye theluji, nyayo zimefutwa kwa tawi la msunobari. Mimi nasugua waya kwa majani hayohayo ili sungura asinuse mkono wa mtu — kumbe namtegea mwingine! Nimemwambia Bazile. Kakasirika kuliko mimi. Eti nimwachie yeye amvunje mwizi mguu. Mpenzi wangu huyo.

Jumanne, 19 Februari
Mtego wa gogo umeua kicheche. Baba: "Katupe mbali balaa hilo!" Nimetupa — baada ya kutoa kifuko cha uvundo. Nimechukua ngozi kuukuu ya sungura, nikaijaza nyasi kavu, kifuko tumboni, nikashona. Sasa ananing'inia kitanzini, utadhani kafa leo. Atakayemminya kuona kama kanona . . . Nimecheka peke yangu njia nzima.

Ijumaa, 22 Februari
Sungura wa nyasi hayupo! Bazile naye haonekani. Mama yake anasema ana mafua, analala zizini. Zizini, na baridi hii? Maskini. Kesho nitampelekea supu.

Jumapili, 24 Februari
Supu nimeimwaga.

Leo tangazo la tatu. Bazile kaingia kanisani kachelewa, nywele zinachuruzika siki ya kuulia uvundo. Benchi zima likahama! Padri akauliza, pua kaibana, kama kuna anayejua kizuizi cha ndoa hii. Baba akaninong'oneza: "Huyu kakutana wapi na kicheche?" Nikafunika pua. Kikulacho ki nguoni mwako — na sungura wangu tumewala wenyewe, tukamshukuru mwizi.

Sasa Bazile yuko nje ya nyumba yetu, analia mlangoni. "Apolini, niliiba kwa mapenzi! Baba yako anataka mtegaji, mimi hata panya sijawahi kunasa!" Nina hasira. Nacheka. Nampenda bado, mjinga huyu. Baba kasikia yote, kashika komeo: "Nimfungulie au nimfukuze? Harusi ni kesho, mwanangu."

Nimemrushia Bazile waya dirishani. "Funga kitanzi, nione."

Anakunja. Anakunjua. Baba anachungulia, bega linamtikisika kwa kicheko. Bazile kavuta kwa nguvu — kanasa kidole chake mwenyewe. Anauliza kitanzi kinafunguliwaje.