Ripoti Zangu, Mwandiko Wake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, nasema mimi, anaandika mume wangu. Mimi ni dobi wa hospitali, mwaka wa nane sasa, na zamu ikiisha lazima uandike daftarini mashuka mangapi yamefuliwa na mashine gani imesumbua, sasa mimi nikishika kalamu herufi zinagombana, na kabla sijamaliza mstari nasikia mashine inakoroma naiendea, nikirudi daftari silioni, siku moja tulilikuta limeshafuliwa pamoja na mashuka. Siku hiyo dada mmoja wa kwenye pasi alinikuta nalia, hakuuliza kitu, akachukua kalamu akasema, “Wewe sema, mimi niandike,” na ameniandikia mpaka leo bila kunisimanga. Mwaka huu binti yetu alipelekwa kwa mtaalamu kwa kuwa darasani hatulii na kusoma kunamshinda, akaambiwa ana ADHD na disleksia, viwili hivyo mara nyingi huandamana, na kila swali aliloulizwa mtoto nilikuwa najibu moyoni, nikapimwa na mimi, ikawa yaleyale, nikashukuru Mungu maana miaka arobaini nilijihesabu mjinga. Sasa msimamizi anataka niwe mkuu wa zamu, anasema mashine zinatulia mikononi mwangu na ripoti zangu ni safi kuliko za wote. Mume wangu anasema ninyamaze, riziki haikataliwi. Nikisema nitakosa cheo na labda nimponze dada wa watu, nikinyamaza nakula jasho lake. Nifanyeje?

Dobi wa zamu ya asubuhi

JIBU

Pole, mama, na hongera kwa kujijua. Barua yako haikuweza kusubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu, na nilikugombeza: miaka yote hii unamshukuru mwenzako kimoyomoyo, atajuaje? Nikakwambia umwombe ruhusa ya kusema, kisha mwende wote kwa msimamizi na karatasi ya mtaalamu. Na wewe mume uliyeshika kalamu, nilikwambia kweli riziki haikataliwi, lakini haiibwi pia.

Juzi, mama, umenieleza yaliyotokea. Mlikwenda wawili, ukasema yote. Msimamizi akamgeukia dada wa pasi, akamuuliza kwa nini amebeba kazi ya mwingine miaka yote hiyo. Naye akajibu taratibu, “Mgongo wangu mbovu. Mashuka mabichi ananibebea yeye tangu nianze kazi. Hatudaiani.”

Wewe hukuniandikia habari ya mashuka hayo hata neno moja. Ulidhani kubeba si kitu.

Cheo umepewa, na ripoti sasa zina majina mawili. Basi sikiliza. Usiombe radhi tena kwa ubongo wako. Ripoti zikikuelemea, omba urekodi kwa simu, dada aandike akiwa na nafasi. Na jioni hii, kabla ya kazi nyingine yoyote ya nyumbani, mkalishe binti yako umwambie mama yake ana nini na sasa ana cheo gani.