Bia Nyeusi ya Kuongeza Damu

Dada yangu Kavira,

Amani ikufikie huko Butembo. Huku Goma mvua haikomi, na mawe ya volkano yamezidi weusi. Jana, nikitoka hospitali, nilijikinga katika baa moja ya mtaa wa Murara. Karibu kila meza ilikuwa na bia nyeusi, hata meza za wasichana. Zamani ilikuwa ya wazee tu.

"Muzee, kunywa hii, inaongezaka damu," mama wa baa aliniambia. "Ya baridi ao ya moto?"

"Ya moto, mama."

Miaka yote niliwafundisha wanafunzi kwamba bia haiongezi damu. Lakini asubuhi hiyo daktari alikuwa ameniambia nirudi kwetu, kwa kuwa damu yangu haitengenezeki tena. Nikanywa chupa nzima, chungu kama kahawa iliyoungua.

"Papa, unasikia nguvu inarudi?" akaniuliza mama wa baa.

"Sana," nikajibu, naye akafurahi kweli.

Wewe sitakudanganya, dada. Watoto uwaambie polepole. Barabara ya kuja huko bado imefungwa; ikifunguka, nitakuja. Isipofunguka, nisamehe, na unipitie kwenye kaburi la mama, umwambie nilikuwa njiani.

Nakukumbatia,
Kaka yako Kambale