Orodha ya Wapiga Kelele

Lyamkena, Makambako
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na kamwene pia, maana usiposalimiwa Kibena unanuna. Goti linasemaje na baridi hii? Mimi ni mzima, koo tu limekaushwa na chaki. Kwa kuwa masikio yako na simu hayaelewani tena, barua hii nampa mama Hulda, akishauza parachichi zake sokoni arudi nayo Njombe.

Baba, nimegombana na mwalimu mkuu wangu. Ni Methodi, yule yule niliyesoma naye darasani kwako, kiranja wako kipenzi. Unaikumbuka orodha ya wapiga kelele? Mwalimu akitoka, kiranja anaandika majina. Mwalimu akirudi, anachapa kwa kufuata karatasi. Hapa kwetu ipo bado. Nina watoto sabini na mmoja wa darasa la tano. Wiki iliyopita kiranja wangu, Oktavia, aliniletea majina kumi na tisa, na la mwisho lilikuwa la mtoto ambaye tangu shule ifunguliwe sijamsikia hata akikohoa. Niliichana ile karatasi. Nikamwambia Oktavia, kuanzia leo andika aliyemtendea mwenzake wema, na wema gani.

Methodi alikuwa dirishani. Akaniita ofisini.

"Mwalimu Esnath, unalea au unafundisha?"

"Vyote viwili."

"Aliyenifundisha orodha ni baba yako mwenyewe. Kamuulize."

Amenipa hadi mitihani ya Aprili. Darasa likilegea, anaomba nihamishwe. Baba, hawa watoto siwaachi. Methodi anakuogopa mpaka leo. Mwandikie mstari mmoja tu, kwamba orodha ile haikushuka mlimani na Musa.

Mwanao,
Esnath

*

Njombe
15 Februari 2025

Esnath, mama,

Marahaba. Goti linauma, lakini lina adabu kuliko wewe. Mahindi yamebeba vizuri na nguruwe amezaa. Hati yako imeharibika, nimekupa sita kwa kumi.

Sitamwandikia Methodi. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na orodha ile ilikuwa mkono wangu wa kulia. Nilikuwa natoka darasani naenda kunywa chai, narudi nakuta kimya kama kanisani. Niliowachapa ndio hao wanaovuka barabara kuja kunisalimia. Mmoja ni daktari. Mmoja ni mwalimu wako mkuu.

Wema hauandikwi kwenye karatasi, mama. Mtoto huanza kwa kuogopa, mengine yanafuata baadaye. Nenda kwa Methodi, mwombe radhi, urudishe orodha. Hujachelewa.

Baba yako,
Ezekieli

*

Lyamkena
9 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa nguruwe na kwa mahindi. Pole ya goti. Sita kwa kumi nimezipokea, lakini radhi siombi.

Nikuambie ukweli wote usije ukasema nakupaka mafuta. Wiki mbili za kwanza walinichezea. Mmoja alimwazima mwenzake penseli, jina likaandikwa, akampokonya penseli yake. Oktavia alikuwa anawaandika rafiki zake tu. Kelele zipo, tena nyingi. Lakini juzi mvua ya asubuhi ilitupiga, na Yunisi, yule yule mkimya niliyekuambia, alivua sweta akamfunika mwenzake aliyekuwa anatetemeka kwa homa. Hakuna aliyemwagiza. Hakutaka hata kuandikwa. Darasa zima lilimpigia Oktavia kelele mpaka akamwandika. Nilicheka, kisha nikalia mbele yao.

Sasa nisikilize, Baba, maana hili nimelibeba tangu nikiwa darasa la sita. Unawahesabu wanaovuka barabara kuja kukusalimia. Yoeli humhesabu?

Siku ile jina lake lilipokuwa kwenye orodha, Yoeli hakuwepo shuleni. Alikuwa anamzika bibi yake. Orodha uliisoma kesho yake asubuhi, ukamwita mbele, akasema, "Mwalimu, jana sikuja," ukamwambia unaongeza viwili vya uongo. Viboko sita. Darasa zima tulijua kwamba hasemi uongo. Mimi nilikuwa dawati la pili na nilijua. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni baba yangu, na tuliporudi nyumbani nilikupakulia ugali kama kawaida. Yoeli hakurudi tena shuleni.

Nilinyamaza mara moja. Sinyamazi tena, hata kwako.

Mwanao,
Esnath

*

Lyamkena
27 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mama Hulda amekuja mara tatu mikono mitupu, hata Pasaka. Anasema anakuona kibarazani, unampungia mkono, barua humpi. Kama umenikasirikia, kasirika, lakini kula.

Matokeo yametoka. Kiswahili kimepanda, hesabu ziko pale pale. Methodi ameshika hesabu tu. Ijumaa alinisukumia karatasi iliyokwisha kuchapwa: nikiri kosa, nirudishe orodha, nibaki. Nisiposaini, jina langu linakwenda halmashauri na nitahamishiwa Wanging'ombe. Siku za kufikiri alinipa mpaka Jumatatu, ndiyo kesho.

Sihitaji hata hizo. Sisaini. Nitawaambia watoto mwenyewe, wasije wakasikia barabarani. Nilitaka tu ujue kwangu na si kwa mama Hulda.

Mwanao,
Esnath

*

Njombe
18 Mei 2025

Esnath mwanangu,

Marahaba. Nakula. Sikukukasirikia. Niliandika barua nne nikazichana zote, maana kila moja ilianza kwa kujitetea.

Nimekwenda kwa Yoeli. Ni fundi seremala huko Wanging'ombe, anatengeneza milango. Aliponiona aliacha randa, akavuta kiti, akakipangusa unga wa mbao kwa koti lake mwenyewe, akasema, "Karibu, Mwalimu, keti." Hapo hajui nimefuata nini. Nilibaki nimesimama, nikamwambia: ulisema kweli siku ile, nami nilikuchapa. Alikisogeza kile kiti karibu yangu. Kisha akasema, "Sijasahau, Mwalimu. Lakini keti, goti lako bovu." Nikaketi. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme. Nililia, mama, mzee mzima, mbele ya wanafunzi wake wa useremala.

Kutoka huko nilikuja Makambako. Sikupita kwako, niliona aibu. Nilikwenda ofisini kwa Methodi. Nikamuuliza kwa nini aliandika jina la mtoto ambaye hakuwepo. Alisimama wima kama zamani, mikono nyuma. Akasema, "Mwalimu, siku ile hakuna aliyepiga kelele. Karatasi ikija tupu, ulikuwa unamchapa kiranja. Nikamwandika ambaye hayupo, kwa kuwa hawezi kunibishia."

Ni kweli. Kiranja akileta karatasi tupu nilimchapa yeye, nikisema anawaficha wenzake. Niliona huo ndio ujanja wa ualimu. Miaka thelathini na moja nilikuwa nawachapa watoto wanaosema kweli mpaka wajifunze kusema uongo, halafu nauita uongo huo nidhamu. Nilimwambia Methodi kosa lilikuwa langu, na kwamba tangu leo hana ruhusa ya kutumia jina langu. Lake atumie akitaka.

Barua yako ya uhamisho ilikuwa imekwisha kwenda. Alisema hawezi kuirudisha, nami sikumbembeleza. Nimeandika yangu halmashauri, kurasa tatu, nimetaja makosa yangu yote kwa hati nzuri. Wasiponijibu nitaandika nyingine. Mzee mstaafu ana muda.

Humu ndani nimekuwekea karatasi. Uliniambia anaandikwa nani, nikafuata.

1. Yoeli: alimpa kiti aliyemchapa.
2. Esnath: alimwambia baba yake.

Mstari wa tatu nimeuacha wazi kwa ajili ya Methodi. Barua zako zote nazipa kumi.

Baba yako,
Ezekieli

*

Wanging'ombe
13 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na kamwene kubwa. Goti? Mimi ni mzima, na huku upepo unanifunga kilemba upya kila asubuhi. Watoto wa Makambako walinisindikiza mpaka stendi. Yunisi ndiye aliyebeba begi langu, na Oktavia alimwandika palepale, akiwa ameegemeza daftari kwenye tairi la basi. Methodi hakuja. Lakini Oktavia anasema hajaambiwa aache kuandika, na daftari sasa ni la pili.

Kiti ulichokalia nimekiona. Yoeli alinikaribisha hicho hicho, akaniuliza goti lako.

Juzi nimepewa darasa la nne, watoto hamsini na wanane. Mwalimu mkuu wa hapa ni mama mpole. Alinikabidhi fimbo na karatasi nyeupe ya kiranja, akasema, "Hivi ndivyo tunavyoanza."

Fimbo nimemrudishia. Karatasi nimebaki nayo.

Mwanao,
Esnath